Nukta Ulizopanda kwa Kidole Kimoja

Sauda, mujukuu wangu, muke-mwenza wangu,

Salamu ninakutumia, lakini uzuri wa kukuambia sina. Nimekaa kwenye baraza ya Ramazani, yule mwenye sekretaria karibu na soko, anayepiga kazi za wanafunzi kwenye mashini ya ordinateri. Mvua ilianza alfajiri na bado inaendelea. Jua halijatoka, betri za paneli yake zimelala, na sisi tunangojea. Karatasi ninayoandikia ni mugongo wa memware yako yenyewe, kazi yako ya kumaliza masomo, zile kurasa zilizotoka vibaya. Iko fungu zima hapa. Nikigeuza ninaona namba zako zimepinda kama watu wanaosukumana kwenye foleni ya maji. Ninageuza tena upande mweupe, ninaendelea.

Usianze kucheka mwandiko. Shule yangu unaijua: madrasa, halafu madarasa machache ya chini, halafu baba akasema inatosha, nyumba inataka mutu wa kupika. Ulikuwa unasema herufi zangu zinatembea na fimbo. Leo utazisoma na fimbo zao, huna pa kukimbilia.

Sipendi kuzunguka, nikuambie wazi. Kazi yako haijapokelewa. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuiweka pale institi, chuoni kwako, wakifunga ofisi wamefunga. Na kitu kilichokaa mulangoni si maneno yako. Maneno wameyasifu. Ni ule ukurasa mumoja wa mbele, wa yaliyomo, unaosema sura fulani iko ukurasa fulani. Namba haziko kwenye mustari mumoja. Moja iko ndani, moja imetoka nje, moja imeshuka chini peke yake kama mutoto aliyekosea njia.

Nimekukasirikia, Sauda. Mutu anasoma miaka yote ile, anapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Lusangi, analala kwenye vibanda vya wamama wanaopikia wachimbaji, anawauliza wanapata nini na wanapoteza nini, anarudi na matope mpaka kwenye nywele, anaandika mpaka kidole kinavimba. Halafu anakufa, na umebaki ukurasa mumoja. Ungekufa mbele ya kuanza, ningelia kama mutu yeyote anavyolia. Ungekufa nyuma ya kumaliza, ningelia na ningekuwa na kitu mukononi. Wewe umechagua katikati ya nukta.

Nukta zenyewe nilikuona ukizipanda. Umesahau? Nilikuja hapahapa na sahani ya muchele na sombe, juu ya vile ulikuwa umetoka asubuhi bila kula, na Ramazani alikuwa amekwenda Nyangwe kwenye ndoa, amekuachia mashini. Ulikuwa umeinama, kidole kimoja tu kinapiga, to, to, to, to, mahali pamoja. Nikakuuliza, "Unapanda mupunga?" Hukugeuka hata kichwa. Ukasema, "Ninapanda nukta, Nkambo. Kutoka jina la sura mpaka kwenye namba yake, macho yapate njia ya kupita." Nikakuambia njia gani ya mashimo namna hiyo. Ukacheka, ukala sombe na mukono wa kushoto kama kafiri, wa kulia unaendelea kupanda.

Kesho yake homa. Sitaiandika ile homa, unaijua kunishinda. Neno moja tu. Pale hospitali, ulipokuwa unawaka, ulinishika kitambaa ukasema, "Nkambo, namba hazisimami." Nilifikiri ni homa inaongea. Nikakuambia, lala, zitasimama. Ulilala.

Kwenye kilio watu walijaa mpaka barabarani. Yule mwalimu anayesimamia kazi yako, yule murefu mwenye kikohozi, alikaa na wanaume, halafu akaomba ruhusa akaja mpaka kwenye mukeka wetu. Akasema wamekaa na wenzake. Akasema kazi ya Sauda ni nzuri, haiwezi kuoza. Watakaa juri, wale waalimu wa kutoa alama, kama kawaida, wataisoma, na mutu wa familia atakaa kwenye kiti chako. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini mama, iwekwe imekamilika kama za wengine." Nikasema itakamilika. Nani alinituma kusema? Nilifikiri ni jambo la kufunga uzi na kukata.

Sasa nikueleze tulivyokwama, na usinitupie macho yale.

Ramazani alifungua kazi yako, akaangalia, akakuna kichwa. Akanivutia kiti. Akasema, "Mama Mukubwa, hizi nukta alizipiga kwa mukono. Hazitasimama. Herufi si mbegu za mahindi, hazina unene mumoja. Hii ya i ni nyembamba, hii ya m iko na tumbo. Nikiongeza nukta moja, namba inapita. Nikiondoa moja, inabaki nyuma." Akaniambia mashini inajua kuzipanga yenyewe. Anaweka alama moja pembeni, na namba zote zinakwenda kusimama pale kama askari, nukta zinajaa zenyewe katikati. Kazi ya muda mudogo, kahawa haiwezi kupoa. "Lakini kwanza," akasema, "nifute zote alizoandika."

Nikasema hapana.

Wewe ulizaliwa mujini, haukuona. Mama yangu alipokufa, mukeka wake ulikuwa umefika nusu. Mistari ya mwisho ilikuwa imelegea, juu ya vile mukono ulikuwa umeshachoka. Dada yake mukubwa aliuchukua, akakaa pale mukono wa mama ulipoishia, akaendelea mpaka mwisho. Mahali walipokutana palionekana, kama kovu. Hakuna aliyethubutu kunyoosha ile mistari ya mama. Kwetu kazi ya marehemu inamaliziwa, haifumuliwi. Ukifumua unasema huyu mutu hakukaa hapa. Tuliulalia ule mukeka mpaka ukaisha, na mimi nililala upande ule uliolegea.

Basi nikamuambia Ramazani, sukuma, vuta, ongeza pembeni, fanya unavyojua, lakini kitu ambacho kidole cha mutoto kimegusa usikifute. Akaniangalia. Akavua kofia, akairudisha. Akasema, "Mama Mukubwa, wewe ni mukali kuliko juri." Akaanza.

Masikini, alijaribu. Aliweka nafasi nyuma ya nukta, nafasi nyembamba zisizoonekana, namba ikasogea kidogo, tukafurahi, ya chini yake ikakimbia. Akapunguza ukubwa wa nukta za mustari mumoja, zikawa kama mayai ya chawa. Lile jina refu la sura ya pili, lile la wamama na madeni ya unga, likakataa kukaa kwenye mustari mumoja, likavunjika, namba yake ikaanguka chini. Akasema kwenye kioo cha mashini sasa iko sawa. Impirimanti ikatoa karatasi, tukaangalia, zimepinda upya. Kioo kinasema hivi, karatasi inasema vile. Nikamuambia mashini yako ni mwongo. Akasema, "Si mwongo, mama, amechoka."

Nilipeleka hivyo hivyo. Nilivaa kitenge changu cha sikukuu, nikapanda kwenye moto, mimi ninayeogopa moto, nikamukabidhi mwalimu. Alifungua, hakufika hata kwenye sura ya kwanza. Akachukua rula, akailaza wima kando ya namba. Sikuhitaji kujua Kifaransa. Niliona mwenyewe, nyingine ndani ya rula, nyingine nje. Akairudisha.

Tukajaribu tena, nikapeleka tena, akarudisha tena. Hapo nikachemka. Nikamuambia, mutoto amekufa, na wewe na ndevu zako unapima nukta. Nikamuambia mengine, hautaki kuyasikia. Alingojea mpaka nikamaliza pumzi. Akasema, "Mama, nikiwapa hivi watapokea. Watasema, tumuhurumie, amekufa. Mimi sitaki wamuhurumie. Nataka wamusome, wamuulize, wamupe alama zake, kama mutu aliye hai."

Nilirudi kwa miguu. Moto sikuuona.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonila. Mama yako. Feza hajaacha kunilaumu. Alipiga simu kutoka Kabambare, mutandao unakatika, lakini alichotaka kukisema kilipita chote. Unakumbuka yule mwenye duka alipoleta posa, Feza akakubali, mimi nikasema mutoto abaki kwangu Kasongo asome, na kama posa ni ya kweli itangojea. Haikungojea. Wewe ulinirukia shingoni siku hiyo, ukasema, "Muke mukubwa amesema." Feza alisema sawa, lakini moyo wake haukusema sawa. Sasa anasema, "Mama, mutoto nilikupa muzima. Umenirudishia karatasi. Na hata karatasi zenyewe wanazikataa."

Alipokata simu nilivaa viatu, nikarudi kwa Ramazani.

Yuko njiani. Barabara imeoza, malori yamekwama kwenye matope, anakuja nyuma ya moto na vitu vya arobaini kwenye magoti. Akifika atakaa kwenye mukeka, atatazama mikono yangu. Kama kazi yako imeingia, nitamuambia, angalia, wamemusoma mutoto wako, waalimu wamevaa makoti wakakaa wakaongea juu ya kichwa chake. Kama haikuingia, basi amesema kweli. Nilimuchukua mutoto wake nikamuvunjia ndoa, kwa sababu ya karatasi. Na karatasi zinazokataliwa zinaishia wapi ninajua. Yule muuza karanga wa mulangoni pa soko anafungia kwenye memware za watu. Nilinunua mwenyewe majuzi. Nikafungua, kuna jina la mutu pale juu, na chumvi. Nikala karanga zilizobaki mukononi nikiwa nimesimama, sikujua niweke wapi ile karatasi. Bado ninayo.

Nyumba imekuwa ya ajabu. Kuku wanaingia mpaka chumbani kwako, hakuna wa kuwafukuza na kitabu. Ninapika kipimo kilekile cha zamani, mikono haijaelewa, kisha ninagawa kwa majirani, na wao wanasema asante kwa uso wa huruma ninaouchukia. Maharagi hayaungui tena. Yaliungua kila siku ulipokuwa unasoma karibu na moto, nilikuwa ninapiga kelele mpaka kwa jirani, na sasa yanaiva vizuri na hayana utamu. Wale wasichana wawili waliokuwa wanakuja umusaidie mumoja na hesabu, mwingine na kuandika, wanapita nje, wanasalimia haraka, wanaenda. Mama yao amewaambia nini, sijui. Ninaona tu wamepunguza kubeba vitabu mukononi, wanavificha kwenye kitenge wakifika mbele ya nyumba yetu, kama vile vina harufu.

Na muzee wetu, babu yako. Tangu ukiwa mudogo ulikuwa unamuambia, "Ukimuzika huyu mubaya, utanioa mimi," na yeye anasema ndiyo, atanunua kitanda kipya. Nilikuwa ninawatishia nyinyi wote wawili na mwiko. Akatangulia yeye. Nikasema si kitu, amebaki muke mudogo, tutagombania kivuli chake. Sasa mumekwenda wote, mumeniachia nyumba mimi muke mukubwa, na hakuna wa kugombana naye. Hamuna adabu.

Jana nilikuwa hapa mpaka Ramazani alipofunga. Alijaribu tena yote. Aliweka rula kwenye kioo chenyewe. Jioni akaketi na mikono juu ya magoti, akaniambia kitu ambacho hakuwa amethubutu kuniambia. Akasema, "Mama Mukubwa, mimi nilimujua Sauda. Alikuwa anakaa kwenye hiki kiti. Ukinikataza nitaheshimu. Lakini mimi kila nikisukuma hizi nukta ninaziharibu. Angalia, za kwake ziko ngapi hapa sasa? Hizi nimeongeza mimi, hizi nimefanya ndogo mimi, hizi nimesogeza. Unachokichunga hakipo tena."

Nilimutukana, nikaenda nyumbani.

Sikulala vizuri. Nilikuwa ninaona ule mukeka wa mama. Dada yake hakuvuta mistari ya mama ili ifanane na yake. Aliiacha. Mimi sikuziacha za kwako, nimezivuta siku zote hizi, nimezibana, nimezipaka nafasi kama kidonda. Na mukeka, hata ukipinda, mutu anaulalia. Karatasi yako ikipinda hakuna wa kuilalia. Nilitaka kulinganisha vitu visivyolingana. Mwenye kuniambia ni wewe, ungeniambia kwa neno moja la kejeli na ningekutupia kiatu na ingekwisha.

Lakini kuna kusema "futa." Ndilo neno gumu lililobaki duniani. Nguo zako zimegawiwa. Simu yako Feza ameichukua. Kitanda shangazi yako ameomba. Kila siku wananipunguzia wewe, kwa utaratibu, kwa dini, na ninakubali, juu ndivyo inavyofanywa. Zile nukta nilifikiri hakuna anayezihitaji. Nilifikiri hizi ni zangu. Ni kidole chako, to, to, to, na sombe kwenye mukono wa kushoto. Kwenye hiyo memware yote maneno ni ya waalimu, ya vitabu, ya wale wamama wa Lusangi, na ni Kifaransa. Ule ukurasa ndio peke yake niliouona ukifanya, na ndio niliouelewa.

Mvua imepungua. Sasa hivi, nikiandika hapa, jua limetokea, limepiga bati la jirani, limefika kwenye miguu yangu. Ndani mashini imeanza kuvuma. Ramazani amekuja mulangoni. Amesimama tu, amevua kofia.

Nitamuambia afute.

Haraka nikuambie mengine. Ikitoka sawa nitaipeleka mwenyewe, kwa moto, na nitamukabidhi yule mwalimu mikononi, na aweke rula yake anavyotaka. Siku ya juri nitakaa kwenye kiti chako. Sitaelewa neno, lakini nitakaa, na wakikuuliza kitu kigumu nitawaangalia mpaka wajijibu wenyewe. Feza nitamukalisha pembeni yangu. Kama watapokea au watakataa, hapo ni kwa Mungu na kwa akili yako, si kwa uzembe wangu tena.

Kwa heri, mutoto wangu. Mungu akupanulie mahali ulipo, akupe kivuli, akupe mutu wa kukuchekesha.

Na hili ninakuahidi. Siku ile wanaume walikubeba, sisi wanawake tulibaki uani, juu dini yetu inatuambia tubaki. Sikukuona ukishuka. Nilisikia miguu yao ikienda mizito, halafu ikirudi myepesi, na mutu akaniambia wamekulaza vizuri. Niliamini, ningefanya nini. Leo hakuna wa kuniambia nibaki uani. Ninaingia ndani. Nitavuta kiti mpaka kioo kigusane na pua yangu, na Ramazani atafuta polepole, mustari kwa mustari, si kwa mara moja. Sitafunika uso. Nitakusindikiza mpaka nukta ya mwisho.

Nkambo wako,
muke mukubwa